Mtemi Mirambo

Mirambo (jina la kuzaliwa: Mbula Mtelya, Uyowa, mnamo 1840 - 2 Desemba 1884) alikuwa mtemi wa Wanyamwezi aliyeunganisha himaya ndogondogo za magharibi mwa Tabora kuwa dola moja. Katika miaka ya 1870 na mwanzo wa miaka ya 1880 alitawala sehemu kubwa ya njia za misafara zilizotoka Tabora kwenda Ujiji na kwenda kusini mwa Ziwa Viktoria, na hakuna mfanyabiashara wa pembe za ndovu aliyeweza kupanga safari bila kumfikiria yeye kwanza.

Habari nyingi za maisha yake zimetoka kwa watu waliokuwa maadui zake, au kwa wageni waliolala katika nyumba za maadui zake. Kwa sababu hiyo Mirambo aliitwa mnyang'anyi kwa miaka mingi kabla ya kuitwa mtawala. Jinsi habari hizo zilivyozaliwa Tabora, zikasafiri na misafara hadi Unguja na kutoka hapo hadi Ulaya, ni sehemu ya historia yake sawa na vita alivyopigana.

Tabora kabla ya Mirambo

Tabora ilikuwa kituo kikuu cha bara katika njia iliyoanzia Bagamoyo na kuishia Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Ilikuwa ndani ya Unyanyembe, nchi yenye mtemi wake. Waarabu na Waswahili kutoka pwani waliishi hapo kama wageni wa mtemi, wakijenga nyumba za tembe, wakilima mpunga na kuhifadhi pembe za ndovu.

Mtemi Fundikira alipofariki mwishoni mwa miaka ya 1850, alirithiwa na Mnywa Sele. Huyu alitaka wageni walipe ushuru kwa bidhaa zao. Wafanyabiashara wengi walikataa, na mwaka 1860 walimwondoa kwa silaha na kumweka Mkasiwa, mtu wa ukoo huohuo. Kwa desturi ya Wanyamwezi, wazee wa nchi walikuwa na sauti katika kumchagua mtemi na hata katika kumwondoa. Safari hii uamuzi ulifanywa na watu waliokuwa na bunduki na madai ya biashara. Baadhi ya Wanyanyembe hawakumkubali Mkasiwa kamwe.

Mnywa Sele hakuondoka nchini. Alizunguka na watu wake akivamia misafara hadi alipouawa mwaka 1865. Mwingereza John Hanning Speke alikutana naye mwaka 1861 akiwa mkimbizi na akajaribu kuwapatanisha, bila mafanikio. Kila upande ulikuwa na maelezo yake: kwa wenye mali, Mnywa Sele alikuwa mwizi wa barabarani, kwa waliomfuata, alikuwa mtemi halali aliyenyang'anywa kiti. Tangu wakati huo Unyanyembe ilikuwa nchi yenye pande mbili, na mtu aliyeuliza nani ana haki alijulikana mara moja ni wa upande gani.

Neno mnyang'anyi lilikuwa limezoeleka midomoni mwa watu wa Tabora kabla Mirambo hajasikika.

Maisha ya awali

Mirambo alikuwa mwana wa Kasanda, mtemi wa Uyowa, himaya ndogo iliyokuwa magharibi mwa Tabora. Utoto wake uliangukia wakati ambapo Wangoni wa kundi la Watuta walikuwa wameingia Unyamwezi kutoka kusini. Masimulizi husema kwamba alitekwa nao akiwa kijana, na kwamba huko ndiko alikojifunza lugha yao na namna yao ya kupigana kwa vikosi vya vijana wa rika moja.

Alishika utemi wa Uyowa mnamo 1860, kisha akaiteka Ulyankulu na kuziunganisha himaya hizo mbili. (Ulyankulu hujulikana na Watanzania wengi wa leo kwa makazi ya wakimbizi kutoka Burundi yaliyoanzishwa katika miaka ya 1970.)

Jina Mirambo ni la vita na hutafsiriwa kuwa maiti. Alilitumia kwa makusudi. Mtawala mwenye watu wachache na nchi ndogo alihitaji hofu itangulie jeshi lake, na vijiji kadhaa vilijisalimisha kwa sababu ya jina tu. Katika hilo Mirambo mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliokuza sifa yake ya kutisha, jambo ambalo baadaye lilimgharimu.

Rugaruga

Nguvu yake ilitokana na rugaruga, yaani vijana wasio na mke waliokusanywa kutoka kwa mateka wa vita, watumwa waliotoroka, wapagazi walioachwa njiani na wawindaji. Walivaa nguo nyekundu na manyoya, walivuta bangi, na waliishi kwa ngawira. Mirambo aliwapa bunduki na nidhamu, akawatembeza haraka na kupenda kushambulia alfajiri.

Alipoteka nchi mara nyingi hakuufuta ukoo wa watemi wake. Alimweka ndugu wa mtemi aliyeshindwa ambaye alikubali kumtii, akaacha watu wake wa kuangalia, kisha akawachukua vijana wa nchi hiyo jeshini. Njia hiyo ilimpa askari wapya baada ya kila vita, lakini pia ilifanya dola yake itegemee ushindi unaoendelea na utii kwa mtu mmoja.

Vita vya 1871

Mwaka 1871 Mirambo aliizuia njia ya kwenda Ujiji. Sababu zilisimuliwa kwa namna mbili. Wakubwa wa Tabora walisema kwamba alidai hongo kubwa kutoka kwa msafara, akaipokea, kisha akaurudisha msafara ulikotoka na kutangaza kwamba hakuna Mwarabu atakayepita. Upande wa Mirambo ulisema kwamba kiini cha ugomvi ni deni la pembe ambalo halikulipwa, na kwamba wakubwa hao hawakutaka kumhukumu mwenzao. Pande zote mbili zilijua pia kwamba Mirambo hakumtambua Mkasiwa, na kwamba watu wa upande wa Mnywa Sele walikuwa wakimtazama kama mlipaji wa kisasi chao.

Mwandishi Henry Morton Stanley, aliyetumwa na gazeti la New York Herald kumtafuta David Livingstone, alikuwa Tabora wakati huo. Alikaa Kwihara, karibu na mji, akawa mgeni wa Waarabu na kuhudhuria baraza lao la vita. Alisikia maelezo ya upande mmoja, akaamini, na akajiunga na jeshi lao chini ya bendera ya Marekani.

Mwezi Agosti jeshi la zaidi ya watu 2000 liliondoka. Boma la Zimbizo lilitekwa kwa urahisi. Kisha kundi la vijana likiongozwa na Saud bin Said liliingia Ulyankulu na kupata pembe nyingi na mateka. Mirambo alikuwa amewaacha waingie. Walipokuwa wakirudi wamelemewa na mizigo, watu wake waliokuwa wamelala kwenye nyasi waliinuka pande zote mbili za njia. Saud aliuawa pamoja na wengi wa watu wake.

Habari ya kushindwa ilipofika kambini jeshi lilivunjika usiku kucha. Kila mtu alikimbia kivyake, na Stanley, aliyekuwa mgonjwa wa homa, aliachwa na wengi wa watu wake. Tarehe 22 Agosti 1871 Mirambo aliingia Tabora yenyewe. Khamis bin Abdallah, mmoja wa watu mashuhuri wa mji, alitoka kumkabili na watu wachache, akatupwa na waliomfuata, akauawa. Sehemu ya mji ilichomwa moto. Stanley alitoboa matundu ya bunduki katika kuta za tembe lake akisubiri shambulio ambalo halikumfikia. Tarehe 20 Septemba aliondoka kwa njia ya kusini iliyozunguka nchi ya Mirambo, na ndiyo iliyomfikisha Ujiji alikomkuta Livingstone.

Vita viliendelea kwa miaka kadhaa. Sultani Barghash wa Zanzibar alituma askari wakiwemo Wabaluchi, lakini viongozi wao waligombana na wakubwa wa Tabora, na kikosi hicho kilirudishwa pwani bila kumshinda Mirambo. Pembe zilipungua Unguja na bei yake ikapanda.

Uvumi wa misafara

Livingstone alirudi Unyanyembe pamoja na Stanley mwezi Februari 1872, akabaki huko hadi Agosti akisubiri wapagazi kutoka pwani. Shajara yake ya miezi hiyo imejaa habari za vita zilizomfikia kwa mdomo na kubadilika baada ya siku chache. Alikuwa karibu sana na uwanja wa vita, lakini alichoweza kuandika ni yale yaliyosemwa barazani.

Kulikuwa na sababu za hali hiyo. Habari zilibebwa na watu waliokuwa na hasara au faida ndani yake: mfanyabiashara aliyetaka bei ya pembe ipande, mnyapara aliyehitaji udhuru wa kuchelewa, mpagazi aliyetoroka na mzigo na kusema umeporwa. Kila kundi la majambazi lililovaa nguo nyekundu liliitwa la Mirambo, ingawa watawala wengine walikuwa na rugaruga wao, akiwemo Nyungu ya Mawe wa upande wa kusini mashariki.

Jambo lingine lilikuwa ugomvi ndani ya Tabora. Liwali Said bin Salim, aliyemwakilisha sultani, alilaumiwa kwa ulegevu. Wapinzani wake wakubwa walikuwa ndugu wawili, Abdullah bin Nasibu na Sheikh bin Nasibu. Katika mji uliogawanyika hivyo, aliyependekeza amani na Mirambo alijiweka katika hatari ya kuitwa rafiki wa adui, na ilisemekana mara kwa mara kwamba fulani anauza baruti kwa siri. Pengine baadhi ya tuhuma hizo zilikuwa za kweli, kwa kuwa Mirambo alipata baruti kutoka mahali fulani. Lakini zilimfaa zaidi yule aliyetaka kumwangusha mwenzake kuliko yule aliyetaka kumaliza vita. Said bin Salim aliondolewa mwaka 1878 na Abdullah bin Nasibu akashika nafasi yake.

Picha ya Waarabu dhidi ya Waafrika, iliyorudiwa katika vitabu vingi, haielezi vizuri vita hivyo. Wanyamwezi wengi walipigana upande wa Tabora chini ya Mkasiwa na, tangu mwaka 1876, chini ya mrithi wake Isike. Mirambo mwenyewe hakuchukia biashara ya pwani. Alitaka ipite kwake na imlipe yeye. Wageni waliomwona walishangaa kumkuta amevaa nguo safi za Kiarabu.

Kukutana na Stanley

Mapatano yalifikiwa katikati ya miaka ya 1870 na njia zikafunguliwa tena, ingawa kutoaminiana kulibaki. Aprili 1876 Stanley alipita tena upande huo akitoka Buganda. Kwa miaka mitano alikuwa amewaonya watu wake juu ya Mirambo, na vijiji alivyopitia vilijifungia kwa hofu ya jina hilo. Alipokutana naye alimkuta mtu mrefu, mtulivu, mwenye sauti ya upole na adabu kwa wageni. Walichanjiana damu na kuwa ndugu, sherehe ikiongozwa na Manwa Sera, mkuu wa msafara wa Stanley.

Stanley alibadili maneno yake. Yule aliyemwandika kama jambazi sasa alimfananisha na Napoleon Bonaparte. Jina la Napoleon wa Afrika limekaa hadi leo katika vitabu vya shule. Hata hivyo, mabadiliko hayo yalitokana na mkutano wa muda mfupi sana, na sifa ya pili ilitiwa chumvi karibu sawa na ya kwanza. Mirambo aliendelea kuteka vijiji na kuuza mateka kabla na baada ya mkutano huo.

Urambo na wamisionari

Mirambo alielewa kwamba habari zake zilikuwa mikononi mwa Tabora. Aliamua kutafuta njia nyingine ya kusikika. Alituma wajumbe kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, akamtumia Mswisi Philippe Broyon, mfanyabiashara aliyeishi kwake, kuwasiliana na pwani, na akaandikiana barua na John Kirk, konseli wa Uingereza huko Unguja, ambaye alianza kumwona kama mtawala wa kushirikiana naye.

Mwaka 1879 alimpokea daktari Ebenezer Southon wa Jumuiya ya Misheni ya London, aliyeanzisha kituo Urambo karibu na makao makuu ya Iselamagazi. Mirambo hakubatizwa wala hakuonyesha nia ya kubatizwa. Alitaka dawa, ufundi, bunduki na mtu wa kumwandikia barua. Southon alimpa dawa na barua. Maandishi yake ni miongoni mwa machache ya wakati huo yanayoeleza mawazo ya Mirambo kutoka mjini kwake, bila kupitia Tabora, ingawa Southon naye alikuwa na sababu ya kumpamba mwenyeji aliyempa ardhi. Southon alifariki Julai 1882 kutokana na jeraha la bunduki iliyofyatuka kwa bahati mbaya.

Tukio la Mpimbwe

Juni 1880 Waingereza wawili, Frederick Carter na Tom Cadenhead, walikuwa wakirudi kutoka Karema kwenye Ziwa Tanganyika. Carter alikuwa akimtumikia Mfalme Leopold II wa Ubelgiji katika jaribio la kutumia tembo wa India kubeba mizigo badala ya wapagazi. Tembo hao walikuwa wamekufa mmoja baada ya mwingine. Walisimama katika mji wa Kasogera, mtemi wa Mpimbwe. Wakiwa hapo mji ulishambuliwa na majeshi ya Mirambo na mshirika wake Simba, na wote wawili wakauawa.

Mirambo alisema kwamba hakujua kuwa kulikuwa na Wazungu ndani, na kwamba vita vyake vilikuwa na Kasogera. Southon alimsaidia kufikisha maelezo hayo. Hayakutosha. Kwa watu wa Tabora, ambao kwa miaka tisa walikuwa wakisema kwamba Mirambo ni muuaji wa wasafiri, tukio hilo lilikuwa ushahidi uliokamilika, nao hawakuhitaji kuongeza neno. Huko Unguja na Ulaya, jina alilojichagulia kwa ajili ya kutisha vijiji lilisomwa sasa kama ungamo.

Kirk aliacha mipango yake ya urafiki na akaunga mkono juhudi za Sultani Barghash za kuimarisha mamlaka yake bara. Mlango ambao Mirambo alikuwa ameufungua kwa uvumilivu wa miaka minne ulifungwa. Wanahistoria wengi huona kwamba mauaji hayo hayakukusudiwa. Mirambo angepoteza mengi na hakuwa na cha kupata. Lakini ni kweli pia kwamba jeshi linalolipwa kwa ngawira halikuwa na desturi ya kuuliza ni nani amelala ndani ya boma kabla ya kulichoma.

Miaka ya mwisho

Ndugu wa bin Nasibu walipoondoka katika uongozi wa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1880, uhasama ulipungua kidogo. Mirambo alipatana na Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa kuliko wote wa wakati huo, ambaye familia yake ilikuwa na makao Tabora. Mjerumani Hermann Wissmann alipita kwake mwaka 1882 akapokewa vizuri.

Pamoja na Isike hakupata amani ya kudumu. Alipigana pia na Wangoni waliomlea na, mwaka 1884, na majirani wa kaskazini. Wakati huo alikuwa akiugua koo. Alifariki tarehe 2 Desemba 1884. Baadhi ya masimulizi yanadai kwamba alinyongwa kulingana na desturi ya kutomwacha mtemi afe kwa ugonjwa.

Alirithiwa na ndugu yake Mpandoshalo, ambaye hakuweza kuwashika wanangwa na watemi wadogo waliokuwa wamemtii Mirambo binafsi. Mpandoshalo alikufa mwaka 1890, na kufikia hapo sehemu kubwa ya dola ilikuwa imesambaratika. Mwaka huohuo Emin Pasha alipandisha bendera ya Ujerumani Tabora. Isike alipinga Wajerumani, na Januari 1893, boma lake lilipotekwa, alilipua ghala la baruti akiwa ndani. Wajerumani walisaidiwa katika vita hivyo na Wanyamwezi waliokuwa na ugomvi wa zamani na ukoo wake.

Kumbukumbu

Katika enzi ya ukoloni Mirambo alitajwa hasa kama mvamizi. Baada ya uhuru wa Tanganyika alitazamwa upya, na safari hii akawa shujaa. Kitabu cha J. B. Kabeya kwa Kiswahili kilitolewa mwaka 1966, na mwaka 1971 Mmarekani Norman R. Bennett alitoa wasifu uliolinganisha maandishi ya wamisionari, makonseli na wasafiri. Masimulizi ya kienyeji ya Urambo na yale ya Unyanyembe bado hayakubaliani kuhusu chanzo cha vita vya 1871.

Jina lake linatumika kwa wilaya ya Urambo, kwa shule ya sekondari ya Milambo na kambi ya jeshi ya Mirambo mjini Tabora, na kwa mtaa wa Mirambo jijini Dar es Salaam, ambako kuna ofisi za Benki Kuu ya Tanzania. Huko Kwihara, nje kidogo ya Tabora, tembe walimokaa Livingstone na Stanley limejengwa upya na kutembelewa kama makumbusho.